Kuanguka, Kuangushwa na Kujiangusha: Historia ya Nia katika Sheria za Soka

Utangulizi

Mshambuliaji anapokuwa chini ndani ya eneo la penalti, mtangazaji wa redio anayetangaza kwa Kiswahili huwa na vitenzi vitatu mbele yake, naye hulazimika kuchagua kimoja papo hapo. Anaweza kusema kwamba mchezaji *ameanguka*, *ameangushwa* au *amejiangusha*. Vitenzi hivyo vimetokana na mzizi mmoja, lakini kila kimoja kinatoa hukumu yake. *Anguka* hueleza jambo lililompata mtu bila kumtaja aliyelisababisha. *Angusha* ni kauli ya kutendesha, ambamo sauti *k* ya *anguka* imegeuka kuwa *sh*, kama ilivyo katika *amka* na *amsha* au *waka* na *washa*. Hapo pana mtenda na mtendwa. *Angushwa* humweka mtendwa mahali pa kiima na kumwachia mtenda nafasi baada ya neno *na*: ameangushwa na beki. *Jiangusha*, kwa kuongezewa kiambishi *-ji-* cha kujirejea, humfanya mtu mmoja kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja.

Mtangazaji mwangalifu huanza na *ameanguka*, kwa kuwa kitenzi hicho hakimshtaki mtu. Mwamuzi naye, ingawa hasemi neno, hutamka kimojawapo cha vitenzi hivyo kwa ishara zake. Akipuliza filimbi na kuielekeza mkono alama ya penalti, amesema ameangushwa. Akimwonyesha aliyelala chini kadi ya njano kwa udanganyifu, amesema amejiangusha. Akiacha mchezo uendelee, amesema ameanguka tu.

Mhadhara huu unafuatilia safari ya maana hizo tatu katika sheria za soka tangu mwaka 1863 hadi zama za video. Hoja yake kuu ni kwamba historia ya sheria hizo ni historia ya swali moja: ni nia ya nani inayochunguzwa? Kwa muda mrefu sheria ilimtazama anayeangusha na kumhukumu kwa kusudi lake. Mwaka 1995 iliacha kulitafuta kusudi hilo. Mwaka 1999, miaka minne tu baadaye, ilianza kulitafuta kusudi la anayeanguka. Badiliko hilo lilifanywa kwa maneno machache sana, lakini limegusa miguu, riziki na heshima za watu wengi.

Teke la ugoko: London, 1863

Tarehe 26 Oktoba 1863 wawakilishi wa vilabu kadhaa walikutana katika Freemasons' Tavern jijini London, wakaunda Chama cha Soka cha England. Wakati huo kila shule na kila kilabu kilikuwa na kanuni zake, na watu waliotoka sehemu mbili tofauti hawakuweza kucheza pamoja bila kubishana kwanza. Kazi ya kuandika rasimu ya sheria za pamoja alikabidhiwa katibu wa chama, mwanasheria Ebenezer Cobb Morley.

Rasimu ya awali iliruhusu mambo mawili ambayo mchezaji wa leo angeyashangaa. La kwanza ni kukimbia na mpira mikononi. La pili ni namna ya kumzuia mwenye kukimbia hivyo: aliweza kusukumwa, kushikwa, kukwatuliwa, au kupigwa teke la ugoko. Teke hilo ndilo lililowagawa wajumbe. Morley aliona kwamba likiruhusiwa, watu wazima wenye kazi zao hawatacheza, na mchezo utaachiwa watoto wa shule. Francis Maule Campbell wa kilabu cha Blackheath, aliyekuwa mtunza hazina wa chama, alishikilia kwamba kuliondoa ni kuuondolea mchezo ushujaa. Kwa Campbell maumivu ya ugoko yalikuwa kipimo cha uanaume. Kwa Morley yalikuwa kikwazo kwa mtu anayetakiwa kuripoti kazini Jumatatu asubuhi.

Upande wa Morley ulishinda. Sheria 13 zilizopitishwa tarehe 8 Desemba 1863 zilikataza, katika sheria ya 10, kumkwatua mpinzani na kumpiga teke la ugoko, pamoja na kumshika au kumsukuma kwa mikono. Blackheath ilijitoa, na mwaka 1871 ikawa miongoni mwa vilabu vilivyounda chama cha raga. Jambo la kustaajabisha ni kwamba chama hicho kipya nacho kililipiga marufuku teke lile lile mwaka huo huo.

Kwa mwanaisimu, hati ya mwaka 1863 ina mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, iliambatana na orodha fupi ya maana za maneno, ambamo kukwatua kulielezwa kuwa ni kumwangusha mpinzani kwa kutumia miguu. Watunga sheria walitambua kwamba hawawezi kukataza kitendo kabla hawajakubaliana juu ya jina lake. Pili, hati hiyo haikumtaja mwamuzi. Waliocheza walihesabiwa kuwa waungwana, na muungwana aliyevunja sheria alitarajiwa kukiri mwenyewe. Katika mpango huo, *kujiangusha* hakukuwa na maana yoyote: hakukuwa na mtu wa tatu wa kuhadaiwa.

Kiswahili nacho, soka ilipofika katika Afrika ya Mashariki, kiliupokea mchezo huu kwa maneno ya kukopa na ya kwake pia. *Refa*, *faulo*, *penalti* na *rafu* yalitoka Kiingereza. Neno *rafu* hasa lilibadilika tabia, kwani katika Kiingereza ni kivumishi cha ukwaru au ukali, lakini katika Kiswahili limekuwa nomino ya tendo, na mtu huweza kucheza rafu au kuchezewa rafu. Upande wa pili, kumwangusha mtu kwa mguu kulikuwa na majina yake katika mieleka na michezo ya watoto: kupiga *ngwala*, kupiga *mtama*, *kukwatua*. Hata *mwamuzi*, jina linaloshindana na *refa*, limetokana na *kuamua*, ambalo ni pia kuingia kati ya wanaogombana na kuukata ugomvi wao.

Kusudi katika sheria ya penalti, 1891

Imani kwamba muungwana hadanganyi haikudumu, kwa sababu soka haikubaki mchezo wa waungwana wachache. Katika miaka ya 1880 timu za viwandani na za miji ya kaskazini mwa England zilianza kulipa wachezaji, na ushindi ukawa na thamani ya fedha. Beki aliyeona kwamba goli haliepukiki aligundua kwamba ni nafuu kumkwatua mshambuliaji, maana adhabu yake ilikuwa mpira wa adhabu wa kawaida, na timu nzima iliweza kujipanga mbele ya lango.

Jibu lilitoka Ireland. William McCrum, kipa na mfanyabiashara wa kijiji cha Milford katika Armagh, alipendekeza adhabu ya mkwaju unaopigwa huku kipa akiwa peke yake. Bodi ya Kimataifa inayotunga sheria za soka, iliyoundwa mwaka 1886, ilipitisha pendekezo hilo tarehe 2 Juni 1891. Adhabu ilimhusu mchezaji aliyemkwatua au kumshika mpinzani kwa kusudi, au aliyeushika mpira kwa makusudi, ndani ya yadi 12 kutoka mstari wa goli lake. Mwaka huo huo mwamuzi aliingizwa uwanjani na kupewa mamlaka ya kuamua.

Wachezaji wa ridhaa waliotoka katika shule za kitajiri waliiona sheria hiyo kuwa matusi. C. B. Fry, mmoja wa wanamichezo mashuhuri wa Uingereza wa zama hizo, alilalamika kwamba ni aibu kwa mwanamichezo kucheza chini ya kanuni inayodhani kwamba wachezaji hukusudia kuwakwatua na kuwapiga mateke wenzao. Lalamiko hilo linafaa kusomwa kwa makini. Fry hakupinga adhabu yenyewe. Alipinga neno *kusudi*. Aliona kwamba sheria imeingia mahali isipopaswa kuingia, yaani moyoni mwa mtu.

Hata hivyo, neno hilo lilikaa. Stanley Rous alipoziandika upya sheria na kuzipanga kuwa 17 mwaka 1938, rafu ziliendelea kupimwa kwa kusudi. Kwa miongo mingi mwamuzi alitakiwa kujiuliza maswali mawili: je, mguu ulimgusa mpinzani, na je, mwenye mguu alikusudia? Beki stadi alijifunza kujibu swali la pili kwa uso wake. Aliinua mikono, akatazama mbingu, akaonyesha kwamba aliufuata mpira tu. Ndiyo kusema kwamba maigizo ya kwanza uwanjani yalikuwa ya anayeangusha, kabla ya kuwa ya anayeanguka.

Mateke ya 1966 na kadi zisizohitaji mkalimani

Udhaifu wa utaratibu huo ulionekana na dunia nzima katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 nchini Uingereza. Pelé alipigwa mateke katika mechi ya Brazil na Bulgaria hadi akashindwa kucheza mechi iliyofuata. Aliporudi dhidi ya Ureno tarehe 19 Julai katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, João Morais alimkwatua mara mbili katika shambulizi moja. Morais hakutolewa nje. Wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa wakati huo, kwa hiyo Pelé aliendelea kuchechemea uwanjani. Brazil ilifungwa 3–1 na kuaga mashindano.

Siku nne baadaye, katika robo fainali ya England na Argentina, mwamuzi Rudolf Kreitlein wa Ujerumani Magharibi alimtoa nje nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Kreitlein hakujua Kihispania na Rattín hakujua Kijerumani. Rattín aligoma kutoka kwa dakika kadhaa, akidai mkalimani. Ken Aston, Mwingereza aliyesimamia waamuzi wa mashindano hayo, alitafakari tatizo hilo la mawasiliano, na taa za barabarani za London zikampa jibu: njano ni tahadhari, nyekundu ni simama. Kadi zilitumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Kadi nyekundu ya kwanza katika fainali hizo ilimpata Carlos Caszely wa Chile tarehe 14 Juni 1974.

Kadi, kwa hiyo, zilizaliwa na tatizo la lugha. Zilimwezesha mwamuzi kutoa hukumu inayoeleweka na kila mtu. Zilichoshindwa kufanya ni kueleza sababu ya hukumu. Kadi ya njano ni ile ile, iwe mtu ameangusha au amejiangusha.

Kusudi laondolewa, 1990–1998

Katika Kombe la Dunia la Italia mwaka 1990 suala la rafu lilifikia kilele. Katika mechi ya ufunguzi mjini Milan tarehe 8 Juni, Kamerun iliishinda Argentina 1–0 ikimaliza na wachezaji tisa. Karibu na mwisho wa mechi Claudio Caniggia alikimbia na mpira, akaruka mguu wa beki mmoja, akayumba kwa kuguswa na wa pili, bado akajitahidi kusimama, hadi Benjamin Massing alipomvaa kwa nguvu na kumwangusha. Massing alitolewa nje. Ulimwengu wa Afrika una haki ya kuikumbuka mechi hiyo kwa ushindi, lakini mbio zile za Caniggia zina somo jingine. Mchezaji asiyetaka kuanguka huendelea kuchezewa rafu. Mwamuzi aweza kuacha mchezo uendelee kwa faida ya anayeshambulia, lakini mara nyingi faida hiyo huishia kwenye mguu wa beki anayefuata. Wachezaji walilijifunza somo hilo: ukisimama hupewi kitu, ukianguka unasikilizwa. Kuanguka kukawa ushahidi.

Katika fainali ya tarehe 8 Julai mwaka huo, Pedro Monzón wa Argentina akawa mchezaji wa kwanza kutolewa nje katika fainali ya Kombe la Dunia, kwa kumchezea rafu Jürgen Klinsmann wa Ujerumani Magharibi. Picha za Klinsmann akiruka na kubiringika zilibishaniwa kwa miaka mingi: rafu ilikuwapo, lakini je, mruko ule ulilingana nayo? Mwaka 1994, baada ya kujiunga na Tottenham Hotspur, Klinsmann alifunga goli katika mechi yake ya kwanza ya ligi na kulishangilia kwa kujitupa kifudifudi kwenye nyasi. Watazamaji wa Uingereza, waliokuwa wamemwita mwongo, walicheka na kumpokea.

Upande wa walioumia haukuwa na kicheko. Tarehe 24 Septemba 1983 Andoni Goikoetxea wa Athletic Bilbao alimvunja Diego Maradona kifundo cha mguu kwa kumvamia kutoka nyuma. Marco van Basten wa Uholanzi, mmoja wa washambuliaji hodari kuliko wote wa zama zake, alicheza mechi yake ya mwisho ya ushindani mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 28. Baada ya kupasuliwa kifundo mara kadhaa, alitangaza kustaafu mwaka 1995.

Mwaka huo huo wa 1995 Bodi iliondoa neno *kusudi* katika makosa ya kumpiga mpinzani teke, kumkwatua, kumrukia na mengine ya aina hiyo. Badala yake iliweka vipimo vitatu: uzembe, kutojali, na nguvu za kupita kiasi. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Beki hakuweza tena kujitetea kwa kusema kwamba hakukusudia. Kilichopimwa sasa ni namna alivyoingia: kasi yake, urefu wa mguu wake, umbali wake na mpira. Vipimo hivyo baadaye viliambatanishwa na ngazi za adhabu: uzembe ni faulo bila kadi, kutojali ni kadi ya njano, na nguvu za kupita kiasi ni kadi nyekundu. Kisha mwaka 1998, kabla ya Kombe la Dunia la Ufaransa, Bodi iliamua kwamba kumvamia mpinzani kutoka nyuma kwa namna ya kuhatarisha usalama wake ni rafu mbaya inayostahili kadi nyekundu. Mwaka 2005 maneno *kutoka nyuma* yaliondolewa, na hatari ikawa hatari itokapo upande wowote.

Kujiangusha kwapewa jina, 1999

Kinga hiyo mpya ya mshambuliaji ilikuwa na gharama. Kadiri kugusa kidogo kulivyoweza kuleta adhabu kubwa, ndivyo kuanguka kulivyokuwa na faida. Mwaka 1999 Bodi iliamua kwamba tendo lolote la kuigiza, popote uwanjani, linalokusudiwa kumhadaa mwamuzi, ni utovu wa uanamichezo na lazima liadhibiwe. Adhabu yake ni kadi ya njano.

Sheria rasmi ya Kiingereza ilichagua neno lenye asili ya Kilatini, lenye maana ya kufananisha au kujifanya. Kiingereza cha mitaani hutumia neno la kupiga mbizi, na neno hilo hilo hutumika kwa kipa anayeruka kuokoa mpira. Kiswahili hakikuwachanganya watu hao wawili. Kipa *hujirusha* au *hujitupa*, naye husifiwa. Mwongo *hujiangusha*, naye huzomewa. Kwa jina la kosa lenyewe Kiswahili kina *hadaa*, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo tayari limebeba nia ndani yake. Mtu hahadai kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo ulipo ugumu. Neno *kusudi*, lililotolewa mlangoni mwaka 1995, lilirudi kupitia dirishani mwaka 1999, safari hii likimwelekea anayeanguka. Beki hupimwa kwa alichofanya. Mshambuliaji hupimwa kwa alichotaka kufanya. Tena sheria yenyewe huhesabu kuwa kosa si kumkwatua mtu tu bali pia kujaribu kumkwatua. Mchezaji anayeruka ili kuunusuru mguu wake na kuanguka bila kuguswa, hajadanganya, amekwepa. Mwamuzi anayedhani kwamba pasipo kuguswa pana uongo huwa amesoma sheria nusu.

Kombe la Dunia la mwaka 2002 lilionyesha ncha mbili za jambo hili. Tarehe 3 Juni huko Ulsan, Rivaldo wa Brazil alipigwa mpira mguuni na Hakan Ünsal wa Uturuki, akajishika uso na kuanguka. Ünsal alitolewa nje kwa kadi ya pili ya njano, na baadaye FIFA ilimtoza Rivaldo faini. Picha zilikuwa wazi, na hapo *kujiangusha* hakukuhitaji mjadala. Tarehe 18 Juni huko Daejeon, katika muda wa nyongeza dhidi ya Korea Kusini, Francesco Totti wa Italia alianguka ndani ya eneo la penalti. Mwamuzi Byron Moreno wa Ekuado alimwonyesha kadi ya pili ya njano kwa udanganyifu na kumtoa nje, na Italia ikashindwa. Vitenzi vyote vitatu vimetumika tangu siku hiyo kueleza anguko lile, na kila kimoja kina watetezi wake. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

Mtu mmoja, vitenzi viwili

Historia hii yote inaweza kusomwa katika miezi 18 ya maisha ya mchezaji mmoja. Tarehe 23 Februari 2008, Eduardo da Silva, mzaliwa wa Brazil aliyeichezea timu ya taifa ya Kroatia, alikuwa na Arsenal ugenini kwa Birmingham City. Katika dakika ya tatu beki Martin Taylor alimvamia, na mguu wa Eduardo ukavunjika na kifundo kuteguka. Taylor alipewa kadi nyekundu. Wengi waliomfahamu walisema si mchezaji mkatili na kwamba hakukusudia. Kwa mujibu wa sheria baada ya 1995, hoja hiyo haikuwa na uzito: mguu ulivunjika kwa namna alivyoingia. Eduardo alikaa nje ya timu karibu mwaka mzima.

Tarehe 26 Agosti 2009, Arsenal ilipocheza na Celtic ya Scotland kuwania nafasi katika Ligi ya Mabingwa, Eduardo alianguka mbele ya kipa Artur Boruc. Penalti ilitolewa, akaipiga mwenyewe na kufunga. Picha za video zilionyesha kwamba kugusana, kama kulikuwapo, kulikuwa kudogo mno. UEFA ilimfungia mechi mbili kwa kumhadaa mwamuzi. Arsenal ikakata rufaa, na tarehe 14 Septemba adhabu hiyo ikafutwa, kwa kuwa jopo la rufaa halikuridhika kwamba imethibitika kuwa mwamuzi alihadaiwa.

Baadhi ya watazamaji waliona kwamba haki imepindishwa. Wengine waliuliza kama mtu ambaye mguu wake ulivunjwa mwaka uliotangulia hawezi kuuondoa mbele ya kipa anayemjia kwa kasi, hata kabla hajaguswa. Swali hilo halina jibu katika picha yoyote. Linalobaki wazi ni kwamba katika tukio la kwanza hakuna aliyehitaji kujua moyoni mwa Taylor kulikuwa na nini, na katika tukio la pili hukumu nzima ilisimama juu ya moyo wa Eduardo.

Jicho la video

Vyombo vya soka vilitafuta msaada wa mashine. Chama cha Soka cha England kilianzisha, kwa msimu wa 2017/18, adhabu ya mechi mbili kwa mchezaji anayegundulika baada ya mechi kuwa alimhadaa mwamuzi akapata penalti au akasababisha mpinzani atolewe. Oumar Niasse wa Everton alikuwa wa kwanza kuadhibiwa hivyo katika Ligi Kuu ya England, Novemba 2017. Mwezi Machi 2018 Bodi iliidhinisha waamuzi wasaidizi wa video, nao walitumika katika Kombe la Dunia la Urusi mwaka huo. Penalti 29 zilitolewa, idadi iliyovunja rekodi ya mashindano yote yaliyotangulia.

Utaratibu ulioidhinishwa wakati huo ulikiri mipaka yake. Picha za mwendo wa polepole zilielekezwa kutumika kwa mambo ya hakika, kama vile mahali mguu ulipogusa. Kupima ukali wa rafu kulitakiwa kufanywe kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu kitendo chochote kikipunguzwa kasi huonekana kama kimepangwa. Huo ni ushahidi kwamba hata kusudi laweza kutengenezwa na mtambo.

Tarehe 22 Juni 2018 mjini St Petersburg, mwamuzi Björn Kuipers alitoa penalti baada ya Neymar wa Brazil kuanguka mbele ya beki wa Kosta Rika. Baada ya kuitazama video, aliifuta. Watu wengi walichukulia kufutwa huko kuwa uthibitisho wa uongo. Kwa mantiki ya sarufi, sivyo. Kukanusha *ameangushwa* hakuthibitishi *amejiangusha*, kwa kuwa *ameanguka* bado kipo. Video inaweza kuondoa kitenzi kimoja kati ya vitatu. Kuchagua kati ya viwili vinavyobaki kungali kazi ya binadamu.

Hitimisho

Tangu teke la ugoko la mwaka 1863, sheria za soka zimekuwa zikijaribu kuulinda mguu wa mchezaji na ukweli wa mchezo kwa pamoja. Katika kulinda mguu zimefanikiwa zaidi, na sababu yake ni kwamba mwaka 1995 ziliacha kuuliza swali lisilojibika. Katika kulinda ukweli hazikuwa na njia hiyo, maana uongo usio na nia si uongo. Ndiyo maana adhabu ya kujiangusha itaendelea kuwa na shaka kuliko adhabu ya rafu.

Wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Anayetafsiri sheria za soka, anayefundisha waamuzi na anayetangaza mpira redioni wote hufanya kazi kwa vitenzi vitatu vilivyotajwa mwanzoni. Akikitumia *amejiangusha* kwa kila anguko lisilo na faulo, humnyima mchezaji haki ambayo lugha yenyewe imempa. Kiswahili kina kitenzi cha mtu aliyeteleza, aliyekwepa, au aliyezidiwa na kasi yake mwenyewe. Kitenzi hicho ni *ameanguka*, na katika mechi nyingi ndicho cha kweli.